Pumzi ya Mwimbaji na Kipimo cha Mashine: Uhakiki wa Tafiti za Vihisi Vivaliwavyo katika Uimbaji

Ikisiri

Kwa takribani miongo minne, watafiti wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakichunguza sauti na upumuaji wa waimbaji kwa vihisi vinavyofungwa kifuani au kubandikwa shingoni. Makala hii inahakiki tafiti nne za aina hiyo, ikiuliza zimempima nani, zimepima nini, na zimelinganisha vipimo vyake na kizio gani. Hoja kuu ni kwamba vihisi hueleza vizuri mabadiliko ya kifua na mtetemo wa shingo, lakini haviwezi kueleza kituo, yaani mahali ambapo pumzi inapata maana katika utungo. Maana hiyo hutoka katika kanuni za utanzu unaoimbwa. Kwa kurejelea inanga ya mnong'ono ya Burundi na mshororo wa shairi la Kiswahili, makala inaonesha hasara ya kuchukua vifaa pamoja na vizio vyake vya asili, na faida ambayo wataalamu wa Kiswahili wanaweza kuipata iwapo watavitumia vifaa hivyo kujibu maswali yao wenyewe.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1854 Manuel Garcia, aliyekuwa mwalimu wa uimbaji, alitumia vioo vidogo na mwanga wa jua kuzitazama nyuzi za sauti katika koo lake mwenyewe. Mwaka uliofuata maelezo yake yaliwasilishwa mbele ya Royal Society ya London. Ugunduzi huo ulikuja kuwa wa manufaa makubwa kwa tiba ya koo, lakini chimbuko lake lilikuwa swali la mwalimu aliyetaka kujua wanafunzi wake wanafanya nini wanapoimba. Swali lilitangulia, chombo kikafuata.

Katika Afrika ya Mashariki hali inaelekea kuwa kinyume cha hapo. Bei ya vihisi imeshuka, na kipimamchapuko, ambacho ni kiini cha vihisi vingi vya mtetemo, kimo katika kila simu janja. Idara za fasihi, vyuo vya muziki na kliniki za koo zinaweza sasa kupata vifaa ambavyo zamani vilikuwa katika maabara chache tu. Chombo kimefika kabla swali halijaulizwa. Pasipo swali la wenyeji, chombo huja na swali la waliokitengeneza, na majibu yake hupokewa kana kwamba yanawahusu waimbaji wote. Kwa washauri wa sera suala hili ni la vitendo, kwa kuwa uamuzi kuhusu vifaa vya kununua, mafunzo ya kutoa na masharti ya kutunza data huwa tayari umebeba msimamo kuhusu uimbaji ni nini.

2.0 Vihisi Vinavyopima na Visivyopima

Vihisi vinavyotumika zaidi ni vya aina tatu. Aina ya kwanza ni mikanda miwili ya kunyumbuka, mmoja huzungushwa kifuani na mwingine tumboni. Ndani ya kila mkanda umeshonwa waya uliopindwapindwa kama mawimbi, na mkondo dhaifu wa umeme hupitishwa humo. Mwili unapotanuka, eneo linalozungukwa na waya huongezeka na tabia ya umeme wake hubadilika. Msingi wa kinadharia ulijengwa na Konno na Mead (1967), walioonesha kwamba ukuta wa kifua unaweza kuchukuliwa kuwa na sehemu mbili zinazosogea, yaani mbavu na tumbo, na kwamba ujazo wa hewa unaweza kukadiriwa kutokana na miendo ya sehemu hizo. Makadirio hayo hutegemea kila mhusika apimwe kwanza kwa kifaa kinachopima hewa yenyewe. Pasipo hatua hiyo, mikanda huonesha wakati na mwelekeo wa pumzi, lakini haioneshi kiasi chake kwa lita.

Aina ya pili ni kihisi cha mtetemo kinachobandikwa sehemu ya chini ya shingo au juu ya kifua. Chenyewe hakisikilizi hewa bali hupokea mtikisiko wa ngozi unaotokana na nyuzi za sauti. Kutokana nacho, Titze, Švec na Popolo (2003) walipendekeza kipimo cha matumizi ya sauti kinachofanana na dozi: jumla ya muda ambao nyuzi zimetetema, idadi ya mitetemo, na umbali ambao nyuzi hizo zimesafiri. Mwimbaji anayeshikilia noti ya mitetemo 440 kwa sekunde kwa dakika moja huwa amezitetemesha nyuzi zake mara 26,400. Hesabu kama hii huwasaidia walimu na waimbaji wanaopata uchovu wa koo.

Aina ya tatu ni elektrodi mbili zinazowekwa pande mbili za koromeo ili kupima mguso wa nyuzi za sauti, mbinu iliyoanzishwa na Philippe Fabre nchini Ufaransa mwaka 1957. Kifaa hiki huathiriwa pia na kupanda na kushuka kwa koromeo. Jambo hilo lina uzito kwa Kiswahili, ambacho vipasuo vyake ghuna kama b na d, visipotanguliwa na nazali, hutamkwa koromeo likishuka kidogo. Badiliko ambalo mtafiti asiyeijua lugha atalisoma kama dosari ya kipimo linaweza kuwa ni fonolojia ya lugha inayoimbwa.

Hakuna hata kimoja kati ya vihisi hivi kinachopima nguvu moja kwa moja. Mkanda huonesha kwamba tumbo limeingia ndani. Hauoneshi iwapo limesukumwa na misuli au limelegea, wala hauoneshi shinikizo la hewa chini ya nyuzi za sauti. Kauli yoyote kuhusu jitihada ya mwimbaji inayotokana na mikanda pekee ni ufasiri, na inapaswa kuandikwa hivyo.

3.0 Tafiti Nne na Waimbaji Wake

Utafiti wa Watson na Hixon (1985) ndio mzazi wa nyingi zilizofuata. Waliwapima waimbaji sita wa opera, wote wanaume wa sauti ya baritoni, kwa vihisi vya sumaku vilivyobandikwa mbele na nyuma ya kiwiliwili. Vifaa hivyo viliwafunga waimbaji maabarani, lakini mantiki yake ndiyo iliyorithiwa na mikanda ya leo. Matokeo yaliyozua mjadala zaidi ni kwamba maelezo ya waimbaji kuhusu namna walivyodhani wanapumua yalilingana kidogo sana na miendo iliyopimwa.

Wengi wameyasoma matokeo haya kama ushindi wa mashine dhidi ya mwalimu. Usomaji huo una kasoro. Mwalimu anapomwambia mwanafunzi "imbia tumboni", hatoi taarifa ya anatomia. Anatoa agizo, na thamani ya agizo hupimwa kwa sauti inayotoka baada yake. Watson na Hixon walionesha kuwa maelezo na miendo ni vitu viwili tofauti. Hawakuonesha kuwa maelezo hayana kazi. Kwa mtafiti wa lugha, pengo hilo ndilo lenye utajiri, kwa kuwa humo ndimo unamoishi msamiati wa ufundishaji.

Hoit na wenzake (1996) waliihamishia mbinu hiyo kwa waimbaji wa kulipwa wa muziki wa kantri wa Marekani, wakakuta kuwa upumuaji wao wakati wa kuimba ulikaribia sana ule wa kuzungumza. Huu ni mchango mkubwa kuliko unavyotajwa kwa kawaida. Ulithibitisha kwamba namna ya kupumua hufuata utanzu: mwimbaji wa opera hutumia sehemu kubwa zaidi ya ujazo wa mapafu yake kwa sababu vishazi vya muziki wake ni virefu na ukumbi humdai sauti ipenye okestra bila kipaza sauti. Mwimbaji wa kantri anasimulia, naye anacho kipaza sauti. Iwapo tanzu mbili za nje zinatofautiana kiasi hicho, hakuna sababu ya kuifanya opera kuwa mizani ya kupimia qasida, taarabu au ngonjera.

Müller na Lindenberger (2011) waliondoka kwa mwimbaji mmoja mmoja wakaenda kwa kundi. Wakirekodi upumuaji na mapigo ya moyo ya wanakwaya kumi na mmoja na kiongozi wao, walikuta kwamba miili hiyo ililandana zaidi wakati wa kuimba kuliko wakati wa kupumzika, na zaidi pale wote walipoimba sauti moja kuliko walipogawanyika katika sauti mbalimbali. Matokeo haya yanavutia, na ni rahisi kuyatukuza kupita kiasi. Watu wanaoimba maneno yaleyale kwa wakati mmoja watavuta pumzi mahali pamoja kwa kuwa matini inawalazimisha, na pumzi nayo huyumbisha mwendo wa moyo. Katika maelezo mengi yaliyofuata baadaye, mlandano huo umezungumzwa kama ishara ya umoja wa mioyo, huku matini iliyouzaa ikiachwa nje.

Utafiti wa nne ni wa Northwestern University, uliochapishwa mwaka 2023. Kundi la mhandisi John Rogers, kwa kushirikiana na mwimbaji na mwalimu wa sauti Theresa Brancaccio, lilitengeneza kihisi laini kinachobandikwa juu ya kifua, kikatambua mtetemo wa kuzungumza na wa kuimba, na kikamtahadharisha mvaaji kwa mtikisiko wa kifaa kingine pindi anapokaribia kuitumia sauti yake kupita kiasi. Hapa mwalimu wa uimbaji amerudi katika chanzo cha swali, kama ilivyokuwa kwa Garcia, na hilo ni la kupongezwa. Kwa kuwa kifaa hutegemea mtetemo wa mwili, hakichanganyi sauti ya mvaaji na za watu walio karibu naye, na faragha ya mazungumzo hulindwa. Hata hivyo, sifa hiyo ya kitabibu ni pengo kwa mtafiti wa fasihi, kwa sababu kinachobaki ni sauti isiyo na maneno. Katika taarabu, ambamo fumbo moja linaweza kumfanya msikilizaji ainuke kwenda kumtunza mwimbaji, data ya aina hiyo imekwisha kupoteza kile kilichowafanya watu wakusanyike.

4.0 Sauti Isiyotetema: Inanga ya Mnong'ono

Mpaka wa kihisi cha shingoni unaonekana wazi zaidi nchini Burundi. Katika inanga ya mnong'ono, msanii hupiga ala ya nyuzi iliyotandazwa juu ya ubao uliochongwa kama kihori, huku akinong'ona maneno ya Kirundi. Mnong'ono hauna kiimbo cha noti, kwa kuwa nyuzi za sauti hazitetemi. Pamoja na hayo, msikilizaji husikia kana kwamba maneno yanaimbwa kwa noti za inanga. Cornelia Fales (2002) aliuchambua utanzu huu kama mfano wa namna sikio linavyounganisha milio ya vyanzo viwili na kuifanya kuwa kitu kimoja.

Kihisi cha mtetemo kikibandikwa shingoni mwa msanii huyu, dozi yake ya sauti itakuwa karibu na sifuri. Kwa mujibu wa kipimo, mtu huyu amekaa kimya usiku kucha. Mikanda ya kifuani itatoa habari tofauti: mnong'ono kwa kawaida hutumia hewa nyingi kuliko sauti inayotetema, hivyo pumzi zake huenda zikawa za mara kwa mara zaidi. Vifaa viwili vilivyovaliwa na mwili mmoja vitapingana, kimoja kikishuhudia kimya na kingine kazi.

Hakuna kifaa kilichokosea hapa. Kilichokosea ni dhana kwamba "matumizi ya sauti" ni sawa na "mtetemo wa nyuzi za sauti". Dhana hiyo inafaa kwa mwalimu wa darasani na mwimbaji wa opera, na imejengwa ndani ya programu ya kifaa kabla hakijasafirishwa. Mradi wa kikanda utakaotumia dozi ya mtetemo kama kigezo pekee cha kulinganisha waimbaji utakuwa umeufuta utanzu mzima wa jirani bila yeyote kukusudia.

5.0 Pumzi, Kipande na Mizani

Kwa upande wa Kiswahili, vihisi vinakutana na elimu ambayo tayari ina vizio vyake. Tangu Amri Abedi alipoziandika kanuni za utunzi mwaka 1954, na kabla yake katika mapokeo ya malenga wa pwani, mshororo wa shairi umehesabiwa kwa mizani kumi na sita katika vipande viwili vya nane nane, ukwapi na utao. Katika mgogoro wa miaka ya 1970, uliochochewa na diwani kama Kichomi ya Kezilahabi (1974), watetezi wa vina na mizani walishikilia kuwa shairi sharti liimbike, na wapinzani wao wakajibu kuwa uhai wa ushairi haumo katika hesabu ya silabi. Pande zote mbili zilitoa kauli kuhusu mwili wa mwimbaji, pumzi yake na mapigo yake. Hakuna upande uliokuwa na njia ya kuupima mwili huo.

Swali la msingi linalopimika ni hili: je, mpaka wa kipande ni mpaka wa pumzi? Rekodi ya sauti haitoshi kulijibu. Rekodi huonesha kimya kifupi baada ya ukwapi, lakini kimya kinaweza kuwa cha aina mbili. Katika kimya chenye pumzi mwimbaji amevuta hewa. Katika kimya kisicho na pumzi amesita tu, na hewa ileile inaendelea kubeba utao. Kwa sikio aina hizi mbili zinaweza kufanana, ilhali mikanda ya kifua na tumbo huzitenganisha mara moja. Iwapo waimbaji wengi watavuta pumzi mwishoni mwa kila kipande, hoja ya kuimbika itakuwa imepata nguzo katika mwili. Iwapo watavuta mwishoni mwa mshororo tu, kipande kitakuwa mpaka wa mapigo na wa sikio, na nadharia italazimika kueleza kwa nini kanuni iliuweka katikati ya pumzi moja. Kina cha pumzi nacho ni ushahidi: mwimbaji anayevuta hewa nyingi zaidi kabla ya mshororo mrefu huwa amekwisha kuupima kabla hajautamka.

Swali la pili linahusu nazali zinazounda silabi. Kwa kanuni, m katika "mtu" ni mizani kamili sawa na silabi yenye irabu. Kihisi cha shingoni huonesha mtetemo wa nazali hiyo, ukatikaji wake kwenye t, na kurejea kwake kwenye u. Kikitumiwa sambamba na rekodi ya sauti, kinaweza kuonesha iwapo mwimbaji huipa nazali muda sawa na irabu au huifupisha na kuifidia penginepo. Swali la tatu linahusu mpumuo katika lahaja za pwani, unaotofautisha paa la nyumba na paa mnyama. Mpumuo huchelewesha mtetemo wa irabu inayofuata, na ucheleweshaji huo husomeka shingoni. Kama tofauti hiyo hubaki au hupotea katika kuimba ni jambo la manufaa kwa fonolojia na kwa uhifadhi wa lahaja.

Maswali haya yana kikomo. Hakuna kihisi kitakachoamua kama utungo huru ni shairi. Kinachoweza kuamuliwa ni madai mahususi kuhusu pumzi, ambayo kwa nusu karne yamerudiwa bila ushahidi.

6.0 Lugha ya Kipimo na Miliki ya Data

Ipo historia inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri za wakati huo ulibeba dakika chache tu, na taarabu ililazimika kuingia katika kipimo hicho. Rekodi hizo ni hazina, lakini mtafiti anayedhani kuwa urefu wake ndio urefu wa taarabu ya baraza za Unguja anausoma mpaka wa chombo kama mpaka wa sanaa. Vihisi vya leo vinaweza kuleta kosa hilohilo kwa sura mpya.

Kinga ya kwanza ni istilahi. Katika Kiswahili neno "sauti" hubeba mlio wowote, mlio wa binadamu, na kitamkwa cha lugha. Dodoso linalomuuliza mwimbaji kama "sauti imechoka" linaweza kupata jibu kuhusu koo, kuhusu ubora wa mlio, au kuhusu umaarufu unaofifia. Istilahi za upimaji hazina budi kusanifiwa pamoja na waimbaji na walimu wao, kazi ambayo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yana mamlaka ya kuiratibu.

Kinga ya pili ni sheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Data ya pumzi ni data ya afya, kwani inaweza kufichua pumu au udhaifu wa moyo wa mtu aliyekubali tu kuimba. Kwa msanii anayeishi kwa mialiko ya harusi, uvumi kwamba kifua chake ni kibovu ni hasara ya riziki. Ridhaa yake haina budi kuombwa kwa lugha anayoielewa, na iseme wazi data itahifadhiwa wapi, nani ataisoma, na jinsi anavyoweza kuiondoa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tafiti zilizohakikiwa zina ubora usiopingika katika upimaji wake. Udhaifu wake ni kuchukulia kwamba kizio cha uimbaji kinajulikana kabla ya kumsikiliza mwimbaji. Makala inapendekeza mambo manne. Kwanza, mikanda ya kupumulia, kihisi cha mtetemo, rekodi ya sauti na matini iliyonukuliwa vitumike kwa pamoja, na pasiwe na kipimo kimoja kinachosimama peke yake. Pili, kizio cha uchanganuzi kitokane na utanzu: kipande kwa shairi, ubeti na kibwagizo kwa taarabu, mnong'ono kwa inanga. Tatu, maelezo ya waimbaji kuhusu pumzi yao yakusanywe kabla ya kuvalishwa vifaa na yahifadhiwe kama data yenye hadhi sawa na namba. Nne, fedha za umma zisinunue vifaa ambavyo programu yake hairuhusu mtafiti kubadili fasili ya "matumizi ya sauti" au kuzihifadhi data ndani ya nchi.

Hatua ya mwanzo haihitaji mradi mkubwa. Waimbaji wachache wa mashairi, mikanda miwili kwa kila mmoja, beti zilezile zikiimbwa kwa mahadhi tofauti, na mchanganuzi anayejua ukwapi unaishia wapi vinatosha kuanza kulijibu swali la kipande. Kazi hiyo inaweza kufanyika Zanzibar, Mombasa au Bujumbura, na wanaoweza kuyasoma matokeo yake wako tayari katika idara za Kiswahili za ukanda huu.